Miaka tisa nikihudumu baa Mwanga, Kigoma: ofa ya bia siyo deni

MamaGungu:

Habari zenu wakuu. Wakubwa shikamooni, wenzangu mambo vipi.

Nimesoma humu simulizi nyingi za maisha ya usiku, za Dar, za Arusha, za Mwanza, na karibu zote zimeandikwa na mteja. Mteja anaona upande mmoja wa kaunta. Mimi nilikaa upande wa pili miaka tisa, kuanzia 2012 mpaka 2021, kwenye baa moja hapa Mwanga, Kigoma. Jina la baa naliacha. Sasa hivi nina grosari yangu, kibaa kidogo, Gungu hapa hapa Kigoma, meza sita na friji mbili, na kuna jambo nimelibeba moyoni muda mrefu, nalo ni hiki kitu tunachokiita ofa, yaani kumnunulia mtu wa meza nyingine kinywaji. Lakini siwezi kulisema kabla sijawaeleza usiku wa kwetu ulivyo, kwa hiyo mnivumilie, uzi utakuwa mrefu.

Siku yangu ya kwanza kazini, dada niliyemkuta hakunifundisha kufungua chupa. Alinitoa nje, nyuma ya jiko, akanionyesha mwezi. Ulikuwa mwembamba, wa siku tatu nne. Akasema, "Huu ukijaa, vaa viatu vya chini." Sikumwelewa. Mimi nimetokea Kasulu, mambo ya ziwa nilikuwa siyajui. Baada ya wiki moja na nusu nikaelewa. Dagaa wa Tanganyika wanavuliwa usiku kwa taa. Giza likiwa totoro wanaume wako majini, na ukisimama juu mlimani ukatazama ziwani unaona taa zimetapakaa, utadhani kuna mji mwingine kule. Mwezi ukijaa, mwanga wa taa haumvuti dagaa tena. Mitumbwi inapumzika ufukweni, mahesabu yanafanywa, na watu wa Kibirizi na Katonga wanapanda mjini na hela mfukoni. Baa za miji mingine zinajaa tarehe za mshahara. Za kwetu zina miezi miwili, wa kalenda na wa mbinguni. Ikitokea imeangukia pamoja, hapo ndipo viatu vya chini.

Halafu kila kundi lina namna yake ya kukaa. Wavuvi wa chombo kimoja hawatawanyiki. Wanaunganisha meza mbili, nahodha anakaa kichwani, na kabla bia haijafika wanaagiza ugali na samaki aina ya migebuka kwenye sinia moja, wananawa, wanakula pamoja. Hata kama mmoja amegombana na mwenzake njiani, mkono wake utaingia kwenye sinia. Watumishi wa ofisini wanakuja wawili wawili, wanatafuta kona yenye taa hafifu na kiti kinachotazama mlango. Wafanyabiashara waliovuka kutoka Kongo wao wanakuja wamependeza, viatu vinang'aa, na rhumba ikipigwa wanasimama kucheza hata kabla hawajaonja kitu. Mwanaume anacheza peke yake mbele ya spika, macho amefumba, na hakuna anayemshangaa. Mwanzoni sisi wa huku tulikuwa tunasubiri chupa ya nne ndiyo tusimame. Siku hizi nawaona vijana wetu wanacheza na soda mkononi, na mimi nasema kule ndiko walikojifunza.

Sasa nije kwenye kuitwa. Ukitaka kumjua mtu usiku, sikiliza anavyomwita mhudumu. Kuna anayepiga "psiii" kama anafukuza kuku. Kuna anayegonga chupa kwa kizibuo. Kuna anayepiga makofi. Kuna anayekushika kiuno unapopita na trei, na ukigeuka anacheka, na meza nzima inacheka naye. Na kuna anayesema, "Dada, ukipata nafasi, naomba mbili za moto na moja baridi." Huyo wa mwisho, niwaambie ukweli, anahudumiwa haraka kuliko wote, kwa sababu miguu yenyewe inakupeleka kwake. Kwa miaka tisa nadhani walioniuliza jina langu kabla ya namba ya simu hawazidi ishirini. Nawakumbuka mmoja mmoja.

Wengi hawajui mhudumu anavyofanya kazi. Baa niliyokuwa mimi, bia nilikuwa nazichukua kaunta kwa jina langu. Usiku ukiisha kaunta inadai hela yake yote, awe mteja amelipa au ametoroka kupitia chooni. Ndiyo maana chupa tupu hatuziondoi mezani mpaka bili iishe, ndiyo ushahidi wetu, na ndiyo maana ukiona mhudumu anazihesabu kwa macho kila anapopita usidhani anakuchunga wewe. Anachunga ugali wa wanawe. Nimewahi kurudi nyumbani alfajiri nikiwa nadaiwa bia kumi na moja za watu waliosema wanaenda kununua vocha.

Na ofa. Nilipoanza kazi, ofa ilikuwa salamu. Mzee mmoja anaingia, anamwona fundi aliyemjengea, anasema, "Mpelekee fundi anachokunywa." Unapeleka, unafungua mbele yake, fundi anainua chupa kidogo kumwelekea mzee, mzee anainamisha kichwa, imekwisha. Hakuna anayehama kiti. Kesho fundi akiwa nacho anarudisha, akiwa hana harudishi.

Lakini kwa wanawake mambo yalikuwa mengine, na naona yanazidi. Usiku mmoja mwaka 2019, mwezi ulikuwa umejaa, waliingia wadada wawili, mmoja wao mwalimu. Walikaa karibu na kaunta, wakaagiza samaki na bia zao, wakalipa papo hapo. Mfanyabiashara mmoja wa dagaa, mgeni, si wa Kigoma, akaniambia niwapelekee bia. Nikapeleka. Akatuma tena. Jumla tatu kwa yule mwalimu. Hakuziomba, na ya tatu hakuigusa, nilimwona. Walipoinuka kuondoka yule bwana akaja akashika mkoba wa mwalimu. Hakupiga kelele. Alisema taratibu tu, "Na bia zangu je?"

Mkuu, baa nzima ilisikia, na baa nzima ikanyamaza. Wanaume zaidi ya thelathini. Nilichokiona kwenye nyuso zao ni kwamba wengi walikuwa wanaona swali lile ni la haki. Mimi nilikuwa na elfu kumi na mbili za bahashishi kwenye mfuko wa aproni. Nikatoa elfu saba na mia tano, nikaziweka kwenye kiganja chake, nikamwambia, "Kaka, bia zako tatu hizi hapa. Achia mkoba." Akanitazama kama sijui nini. Ndipo nahodha mmoja kwenye meza ya wavuvi akasukuma kiti nyuma akasimama, hakusema neno, na vijana wake wote wakasimama. Yule bwana akaachia. Hela alichukua.

Kesho yake mwenye baa akanihamishia zamu ya mchana mwezi mzima kwa kosa la kufukuza mteja mkubwa. Zamu ya mchana haina kitu, mnajua wenyewe.

Sina kinyongo tena na hayo. Ninachotaka kusema ni kwamba tangu usiku ule nilijiapiza nikipata sehemu yangu, ofa haitatembea bila kuulizwa. Na ndivyo ilivyo Gungu. Ukiniambia nimpelekee dada wa meza ile bia, siipeleki. Naenda mikono mitupu, nainama, nasema kwa sauti ya chini, "Bwana wa meza ile anataka kukununulia kinywaji. Nilete au nisilete?" Akisema lete, naleta. Akisema hapana, nakurudia nakwambia, "Dada anashukuru, ametosheka." Na wewe hela yako iko mfukoni, hujaaibika, hakuna aliyejua. Nina miaka minne sasa na utaratibu huo. Karibuni tujadili.

MvuviKibirizi:

Dada umeandika kitu cha kweli. Nyongeza kidogo kuhusu sisi maana tunasemwa sana.

Mimi niko kwenye kipe, huu uvuvi wa dagaa kwa taa na wavu, tangu nina miaka kumi na saba. Tunaondoka ufukweni jua linapozama, tunarudi kumekucha. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa, sasa ni taa za betri na sola, lakini kazi ni ile ile, unawasha, unasubiri dagaa wakusanyike, unainua wavu. Usiku wenu wa starehe ndiyo mchana wetu wa kazi. Kwa hiyo zile siku za mbalamwezi ni kama mtu aliyetoka safari. Umelala usiku kitandani mara ya kwanza baada ya wiki nyingi, usingizi hauji, mwili umezoea kukesha. Unaenda wapi saa tano ya usiku? Unaenda kwenye taa.

Watu wanasema mvuvi anatapanya. Ziwa hili linavuma upepo bila taarifa. Nimezika wenzangu wawili. Mtu aliyerudi salama anataka kukaa na waliorudi naye, anunue, anunuliwe, acheke. Si kwamba hajui thamani ya hela.

Mwaka 2024 serikali ilipofunga uvuvi ziwani kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, ndipo nilipoona mji unavyotutegemea. Mbalamwezi ilikuja mara tatu na sisi hatuna kitu. Nilikaa kwenye baa moja pale Kibirizi na soda moja kuanzia magharibi mpaka saa nne, na mhudumu hakunifukuza. Aliniletea maji bila kuniuliza. Yule dada nikimkuta leo popote nanunua mimi, na simdai kitu.

Katubuka88:

Mleta uzi nakuheshimu ila umeegemea upande mmoja.

Na sisi wanaume tunaumizwa. Mimi nilikuwa dereva wa lori, natoka Dar na mzigo, nafika Kigoma nimechoka, nakaa mahali nipate moja mbili. Anakuja dada, anakaa bila kukaribishwa, anaagiza. Anapiga simu, wanakuja rafiki zake wawili, wanaagiza na wao. Mimi ni mgeni, naona aibu kukataa mbele za watu. Bili inakuja elfu sitini. Na mhudumu anajua mchezo wote, anatabasamu tu, kwa sababu kila chupa ni mauzo yake. Mwaka 2018 nililala ndani ya lori siku mbili nikisubiri nitumiwe hela ya mafuta. Mke wangu nilimdanganya kwamba nimeibiwa.

Sitetei aliyeshika mkoba. Lakini mtu akinywa hela yako saa tatu nzima akikuangalia machoni, halafu anaondoka kama hakujui, inauma. Tusifanye kama haiumi.

MamaGungu:

Kaka Katubuka, pole, na nakubaliana na wewe. Tena niongeze usichokijua. Wapo wenzetu waliokuwa wanaongeza chupa tupu mbili za meza ya jirani kwenye meza ya aliyelewa. Nimeona kwa macho yangu, nikanyamaza kwa sababu ndio walionipokea mjini na nilikuwa nalala kwao. Hilo linanisumbua mpaka leo.

Lakini angalia, yote mawili yanatibika kwa swali lile lile. Anapokuja mtu akakaa mezani kwako akaagiza, mhudumu mzuri hageuki kwenda kaunta. Anakugeukia wewe. "Kaka, nimwandikie kwako au anajilipia?" Kwangu ni lazima uulizwe, na unaulizwa nikiwa nimesimama upande wako, nimempa yeye mgongo, ili ukisema "anajilipia" usione soni. Wanawake wawili watatu wamenuna wakahama kijiwe. Waende salama.

Kuhusu kuumia, najua inauma. Lakini kilichokuuma ni kudanganywa, na dawa ya kudanganywa ni kuondoka kwenye kiti. Yule mwalimu hakumdanganya mtu. Hakuwahi hata kumtazama.

Katubuka88:

Hapo kwenye kusimama upande wangu umenigusa. Ningekuwa nimeulizwa hivyo 2018 ningelipa elfu nane nikaenda kulala.

kigoma_yetu:

Nafuatilia kwa makini, nimekaa mbele kabisa.

BabuUjiji:

Naandikiwa na mjukuu, mimi nasema yeye anabonyeza.

Wanangu, mnaongea habari ya ofa kana kwamba ndiyo njia ya pekee ya mwanaume kumsogelea mwanamke usiku. Sisi tulikuwa na dansi. Mji huu ulikuwa na bendi ya Lake Tanganyika Jazz, na mwanamuziki Shem Karenga alianzia humo mwaka 1964 akiwa kijana mdogo wa Bangwe kabla hajaenda Tabora akajulikana nchi nzima. Mimi nilikuwa naingia ukumbini na suruali niliyoazima kwa kaka yangu.

Utaratibu ulikuwa hivi. Viti vimezunguka ukutani, katikati pako wazi. Unamwona binti. Huendi kwake. Unaenda kwenye meza aliyokaa, unawasalimu wanaume kwanza, wakubwa unawapa shikamoo, halafu ndipo unamwinamia yeye, "Naomba dansi moja." Akikubali mnacheza, mkono wako mgongoni hauteremki. Wimbo ukiisha unamrudisha mpaka kwenye kiti chake alichotoka, unashukuru meza, unaondoka. Akikataa unasema "hakuna neno" na unashukuru vile vile. Nilikataliwa mara nyingi, na hakuna mtu aliyenicheka, kwa sababu kila mmoja ilikuwa inamfika.

Hela haikuwemo pale kati. Ungependa kununua soda ukanunue, lakini dansi uliipata kwa adabu au uliikosa.

Halafu msisahau usiku wa huku Ujiji si baa peke yake. Baada ya isha tunakaa barazani, kahawa chungu kwenye vikombe vidogo, kashata, bao, drafti. Ukifika baraza la kahawa umekuta watu wamekaa, unatoa salamu, unanunua raundi ya kahawa kwa wote waliopo hata kama huwajui majina, na hakuna anayekuuliza unataka nini. Ukitoka umetoka. Ramadhani ndiyo kabisa, watu wakitoka kwenye tarawehe mitaa inajaa mpaka saa sita, watoto, akina mama, vijana, na huwezi kusikia mtu amevutwa mkoba.

MamaGungu:

Shikamoo babu. Hili la kusalimu meza kwanza nimelipenda sana. Siku hizi mtu anampita kaka wa binti kama anapita nguzo.

Unyanyembe_mtoto:

Salamu kutoka Tabora, ndugu zetu wa mwisho wa reli.

Babu amenikumbusha marehemu baba. Kwetu palikuwa na Kiko Kids, halafu Tabora Jazz, na huyo Karenga mnayemtaja sisi tunamhesabu ni wetu pia. Baba alikuwa akisema hivyo hivyo kuhusu kurudisha binti kwenye kiti.

Lakini mimi nataka kusema habari ya pombe ya asali. Kwa mjomba wangu, kijijini, nilipokuwa mdogo, wanzuki ililetwa kwenye kibuyu kimoja, wazee wamezunguka. Kikikufikia unapokea kwa mikono miwili, unakunywa funda lako, unampa wa pembeni. Usiyetaka unagusisha mdomo tu unapitisha. Hakuna anayechungulia kama umemeza. Aliyepika pombe ile alikuwa ameialika jamii yake, si mtu mmoja, kwa hiyo hapakuwa na namna ya kumdai mmoja. Nafikiri chupa ndiyo iliyoleta hesabu. Kibuyu hakina namba. Chupa inasimama mezani mbele yako, tupu, inahesabika, na aliyeinunua anaiona.

Na hapa mjini kwetu usiku wa stesheni ndio wenye mafunzo. Treni ikifika Tabora mabehewa yanatenganishwa, haya ya Kigoma, haya ya Mwanza, haya ya Mpanda, na abiria wanakaa nje wanasubiri saa nyingi. Watu wasiojuana kabisa wanagawana karanga na chai. Mama mmoja anakuachia mtoto aende chooni. Nimewahi kujiuliza kwa nini watu wale wale ukiwaweka baa wanageuka. Nadhani stesheni kila mtu anajua anaondoka, hakuna anayetaka kumbakiza mwenzake.

Nesi_wa_zamu:

Mimi ni mwanamke na nakunywa, na sioni haya kusema. Nikitoka zamu ya jioni nataka bia moja na samaki, nikalale. Ni saa moja tu ya kukaa kimya ambayo hakuna anayeniita sista.

Ofa zinaniudhi kuliko matusi. Tusi unaweza kulijibu. Bia ikishafunguliwa mbele yako utaifanyaje? Ukiikataa unaonekana una dharau, ukiinywa umesaini. Nimejaribu kusema nimeokoka, nikaulizwa na hiyo mkononi je. Nimejaribu kuvaa pete. Mwisho nikawa naenda na kaka yangu, yaani mtu mzima mwenye kazi yangu, nasindikizwa kunywa bia niliyoinunua mwenyewe.

Dada MamaGungu, kule ambako mhudumu hana utaratibu kama wako, mtu afanye nini? Nauliza kweli, si kwa kubishana.

MamaGungu:

Sista (samahani, nesi), swali lako nimeulizwa na wengi. Nitakwambia nilichokiona kinafanya kazi, na nimekiona mara nyingi.

Ongea na mhudumu kabla hujakaa. Mwambie jina lako, muulize lake. Mwambie, "Mimi leo sipokei kitu kutoka meza yoyote, nakulipa kila ninachoagiza." Mpe hela ya kwanza papo hapo. Mhudumu aliyeelezwa mapema anakuwa na sababu ya kumjibu mteja, "Bosi, yule dada ameshanikataza." Lawama inakuwa kwangu si kwako, na sisi lawama tumezizoea. Ikiletwa kwa bahati mbaya, usikubali ifunguliwe. Weka kiganja juu ya kizibo. Hiyo ishara kila mhudumu anaijua, na bia isiyofunguliwa inarudi kaunta, hakuna aliyepata hasara. Ikishafunguliwa ndipo ugomvi unapoanzia, kwa sababu sasa kuna mtu lazima ailipe.

Na kaa karibu na meza ya watu wanaokula. Nasema hivi kwa uzoefu. Meza inayokula sinia moja ina macho.

Boda_Mwandiga:

Mimi ni bodaboda, kituo changu ni nje ya baa, kwa hiyo naona mwisho wa sinema zenu zote.

Zamani kabla viroba, zile pombe kali za vipakiti, havijapigwa marufuku tarehe 1 Machi 2017, abiria alikuwa anapanda na vitatu kwenye mfuko wa shati, ananyonya njiani, tukifika hajui kwake ni wapi. Nilishawahi kuzunguka na mtu Mwanga nzima saa nane usiku anatafuta mlango wa bluu. Baada ya marufuku ile hali ilibadilika, si kwamba watu wameacha kunywa, ila kile cha kunywa unatembea kilipungua.

Ninachotaka kusema ni kwamba wadada wakitoka, mmoja anapiga picha namba ya pikipiki yangu. Zamani nilikuwa nachukia, naona kama naitwa mwizi. Halafu siku moja mdogo wangu wa kike alinieleza kwa nini na yeye anafanya. Sasa nikimpakia dada usiku nasimama mwenyewe karibu na taa, nasema, "Piga picha dada, umtumie mwenzako." Na nikimfikisha nasubiri mlango ufunguke ndiyo nageuza. Dakika mbili tu.

Na mwanaume akinifuata akasema "nifuatie ile pikipiki iliyombeba yule", simpakii. Hata aweke elfu ishirini. Kituo chetu chote tumekubaliana hivyo.

Mdau_wa_sheria:

Nichangie kwa ufupi. Kitendo cha yule bwana wa 2019 si utovu wa adabu tu. Tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 iingize vifungu vyake kwenye Kanuni ya Adhabu, kumsumbua mtu kingono kwa maneno au kwa vitendo ni kosa la jinai. Si lazima awe amepigwa. Kumshika mhudumu kiuno akipita na trei kunaingia humo, hata kama meza nzima inacheka. Na polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto kwa mambo ya namna hii, mhudumu ana haki ya kwenda pale kama mtu mwingine yeyote.

Boda_Mwandiga:

Mkuu, mhudumu akienda dawati kesho kazi anayo?

Mdau_wa_sheria:

Swali zito. Sheria iko upande wake, lakini mwenye baa anaweza kumtafutia sababu nyingine. Ndiyo maana naona alichofanya MamaGungu kina nguvu kuliko nilichoandika mimi. Yeye ndiye mwenye baa.

MvuviKibirizi:

Dada, swali moja la mwisho. Je, dada akisema lete bia, na akainywa, na akatabasamu, lakini akaondoka peke yake, wewe unamwambiaje aliyenunua? Maana vijana wangu huwa wananiuliza mimi nahodha wao, na mimi huwa sina jibu.

MamaGungu:

Nahodha, jibu lake nimelitoa wiki hii hii. Mbalamwezi imejaa juzi, na vijana wa chombo kimoja walikuja wanane, wakaunganisha meza. Mmoja, mdogo wao, akaniomba nimpelekee dada wa dirishani soda ya machungwa. Nikaenda kuuliza, dada akasema lete. Nikaleta. Akainua chupa kumwelekea kijana, kijana akaona aibu akatazama chini. Baada ya nusu saa dada akainuka, akapita karibu na meza yao, akasema "asante, usiku mwema," akatoka.

Kijana akanifuata kaunta. "Dada, sasa mbona ameondoka?"

Nikamwuliza, "Soda ulinunua ili anywe?"

"Ndiyo."

"Amekunywa?"

Akafikiri kidogo. Akasema amekunywa. Nikamwambia basi, mzigo umefika. Wenzake walikuwa wameshaanza kunawa mikono, sinia imeshawekwa, wanamwita. Akaenda kukaa.

Wakuu, naomba niishie hapa kwa leo, kuna watu wa mechi wanaingia na friji moja umeme wake unasumbua. Nikifunga mapema nitarudi kumjibu aliyeniandikia faragha kuhusu mtaji wa kuanzia grosari.